Udongo wa wanafunzi unapozaa tiba hospitalini

Je, msomaji, ungekubali kutiwa katika mshipa wa damu kitu kilichotolewa chini ya biringanya iliyooza? Bila shaka utasema hapana, na huenda ukamtazama anayekuuliza kwa jicho la shaka. Hata hivyo, mnamo Juni 2018 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, jijini London, walianza kumtia msichana wa miaka 15 kitu hicho mara mbili kwa siku. Aliyekipata hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mjini Durban, Afrika Kusini, na alikipata mwaka 2010 akifanya zoezi la masomo.

Zoezi hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa sababu limeshika mambo mawili yanayomgusa kila mzazi: dawa ambazo viini vimezizoea hata haviziogopi tena, na namna watoto wetu wanavyofundishwa sayansi.

Tuanze na mgonjwa. Msichana huyo alizaliwa na maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki faibrosisi. Mwenye maradhi haya huwa na makohozi mazito ajabu, yanayonata mapafuni kama gundi, na viini hupata makao mazuri humo. Kwa miaka minane alitibiwa kwa dawa za kupambana na bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, ambaye ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Mwaka 2017 alibadilishiwa mapafu yote mawili.

Sasa, mgonjwa anayepewa kiungo cha mtu mwingine hulazimika kutumia dawa za kupunguza kinga ya mwili ili kiungo hicho kisikataliwe. Kinga ikipungua, viini navyo hupata mwanya. Kidonda cha upasuaji kilishika uambukizo, ini likaathirika, na vinundu vikamtoka kwenye ngozi. Antibiotiki zilikuwa zimegonga mwamba, na madaktari hawakuwa na kingine cha kumpa. Ndipo hospitali ilipowasiliana na Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kumwuliza kama katika friji zake kulikuwa na faji ya kumwokoa.

Adui wa bakteria

Faji, au bakteriofaji kwa jina lake kamili, ni virusi. Usishtuke. Tumezoea kusikia neno virusi likitajwa pamoja na Ukimwi, surua au Korona, lakini faji haina uwezo wa kuingia katika seli za binadamu. Windo lake ni bakteria peke yake. Hujibandika juu ya bakteria, ikamwingizia DNA yake, ikamgeuza kuwa kiwanda cha kutengeneza faji nyingine, na mwishowe faji hizo changa humpasua na kutoka nje kutafuta bakteria wengine.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwingereza Frederick Twort alilieleza mwaka 1915, na miaka miwili baadaye Félix d'Herelle, aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, akazipa faji jina lake. Kabla ya antibiotiki kuenea, madaktari kadhaa walizitumia kutibu maradhi ya kuhara. Antibiotiki zilipofika, nchi nyingi za Magharibi ziliziweka faji kando, ingawa Georgia, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, haikuziacha.

Faji zimejaa kila mahali: shambani, mtoni, baharini, jaani, hata tumboni mwako unaposoma gazeti hili. Wataalamu wanakadiria kuwa idadi yake duniani ni 1 ikifuatwa na sufuri 31. Shida ni kwamba kila faji huchagua. Inayoua bakteria wa kipindupindu haimgusi yule wa kifua kikuu. Na hata ndani ya aina moja ya bakteria, faji inayomuua yule wa mgonjwa huyu huenda isimfanye lolote yule wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ni mambo ya kufuli na ufunguo. Anayetaka kufungua kufuli asilolijua anahitaji shada kubwa la funguo, na shada hilo hukusanywa ufunguo mmoja mmoja, kutoka udongoni.

Kazi ya kukusanya namna hiyo haimalizwi na maprofesa watano waliojifungia maabara. Inahitaji mikono mingi, macho mengi na udongo wa sehemu nyingi. Na ni nani aliye na mikono mingi kuliko shule?

Hatfull na wenzake walianza mpango wao Pittsburgh mwaka 2002. Waliwaita wanafunzi wa shule za sekondari na walimu wao waje katika maabara ya chuo kikuu, si kutembezwa na kuonyeshwa vyombo, bali kutafuta faji wenyewe. Wanafunzi wa chuo waliotangulia waliwaongoza wale wa shule, na aliyejifunza jana akawa mwalimu wa aliyefika leo. Mwaka 2003 na 2006 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika majarida makubwa ya sayansi, na miongoni mwa waandishi walikuwemo wanafunzi wa sekondari.

Linganisha na yale ambayo wengi wetu tuliyapitia. Mwalimu anasimama mbele ya darasa la wanafunzi hamsini, anachanganya asidi na besi, rangi inabadilika, nasi tunanakili daftarini kile ambacho kitabu kilikwisha kutuambia. Jibu linajulikana hata kabla ya kiberiti kuwashwa. Ukipata jibu tofauti, unaandika lile la kitabu ili usikose alama! Hilo ni zoezi la kumbukumbu lililovishwa koti jeupe, wala halimfundishi mtoto kufanya sayansi.

Vijishimo

Huenda unajiuliza mwanafunzi asiye na digrii hufanya nini hasa. Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Kwanza hutoka nje na kijiko na kichupa safi. Huchota udongo popote anapoona panafaa, hasa penye unyevu na vitu vinavyooza, kisha huandika mahali, saa na hali ya hewa. Akirudi maabara, hutia udongo huo katika maji yenye chumvi maalum, hutikisa, na kuyapitisha maji katika chujio lenye matundu madogo mno. Uchafu na bakteria hubaki juu. Faji, kwa udogo wake, hupita.

Maji hayo yaliyochujwa huchanganywa na bakteria wa udongoni aitwaye Mycobacterium smegmatis. Huyu ni binamu wa bakteria wa kifua kikuu, lakini kwa kawaida hana madhara kwa mtu mwenye afya. Tena ana haraka: akipandwa leo, kesho au kesho kutwa ameenea kwenye kisahani chote, ilhali yule wa kifua kikuu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwa macho. Mchanganyiko humwagwa juu ya agari, ile rojo itokanayo na mwani wa baharini, kisha kisahani huwekwa katika kabati lenye joto kama la mwili, nyuzi 37.

Siku inayofuata mwanafunzi hukiinua kisahani chake kwenye mwanga. Kama hakuna faji, ataona utando wa bakteria ulioenea sawasawa, kama maziwa yaliyoganda. Kama faji ipo, utando huo utakuwa na vijishimo vya mviringo vinavyopitisha mwanga. Kila kijishimo ni uwanja wa vita ambapo faji moja ilianza, ikazaliana, ikaua bakteria wote waliokuwa karibu nayo.

Hapo kazi ndiyo inaanza. Hugusa kijishimo kimoja, hupanda tena, na tena, hadi awe na hakika kwamba aliyonayo ni aina moja tu ya faji. Wengi hukosa mara ya kwanza na ya pili, wakarudi tena nje na kijiko. Hakuna mwalimu wa kuwaambia jibu kwa sababu hata mwalimu halijui. Wala profesa.

Baada ya hayo chuo kikuu huingia na vyombo vyake vya gharama: hadubini ya elektroni ya kupigia faji picha, na mitambo ya kusoma DNA yake herufi kwa herufi. Mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta akitafuta jeni moja baada ya nyingine, na kazi yake hukaguliwa na wengine kabla ya kuwekwa mahali ambapo mwanasayansi yeyote duniani anaweza kuisoma.

Na aliyeipata ndiye anayeipa jina. Usidhani hili ni jambo dogo kwa kijana wa miaka 16. Ndiyo sababu orodha ya faji hizi ina majina kama Barnyard, Corndog na Rosebush, ambayo hayafanani kamwe na Kilatini cha vitabuni.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Howard Hughes ya Marekani iliuchukua mpango huo na kuupeleka katika vyuo 12, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Leo umeenea katika vyuo zaidi ya 100, na faji zilizokusanywa zimepita 20,000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopitia mpango huo walikuwa na nia kubwa zaidi ya kuendelea na sayansi kuliko wenzao wa maabara za kawaida.

Kutoka Durban hadi London

Kwa nini Durban? Jibu ni la kuhuzunisha. Mkoa wa KwaZulu-Natal umeumizwa sana na kifua kikuu na Ukimwi. Mwaka 2006 ulimwengu ulishtuka kusikia habari za Tugela Ferry, mji mdogo wa mkoa huo, ambako wagonjwa 53 walipatikana na kifua kikuu kinachokaidi karibu dawa zote zilizokuwepo. Kati ya hao, 52 walikufa. Wataalamu wa Marekani na wa chuo kikuu cha huko waliungana kuwafunza vijana wa Afrika Kusini utafiti wa bakteria hawa, na kutafuta faji kukawa sehemu ya mafunzo.

Hivyo ndivyo mwanafunzi mmoja alivyochota sampuli yake chini ya biringanya iliyooza na kupata faji aliyoipa jina Muddy, yaani ya matope. Ikasomwa, ikaandikwa, ikagandishwa katika friji. Miaka ikapita. Hakuna aliyejua kama ingekuwa na faida yoyote kwa mgonjwa yeyote.

Ombi la London lilipofika, watu wa Pittsburgh walianza kujaribu faji zao juu ya bakteria wa msichana yule. Katika maelfu ya faji zilizokuwa kwenye friji, zilizofaa zilikuwa chache mno. Muddy ilimuua bakteria moja kwa moja. Nyingine mbili, ZoeJ na BPs, zilikuwa na tabia ya kulala ndani ya bakteria badala ya kumpasua, kwa hiyo wataalamu waliondoa jeni inayozilaza. Tatu hizo zilichanganywa ili bakteria akiizoea moja auawe na nyingine.

Kila dozi ilikuwa na faji bilioni moja za kila aina. Katika muda wa miezi sita kidonda kilikuwa kimefunga, ini limepata nafuu, na karibu vinundu vyote vya ngozi vimetoweka. Madhara makubwa ya dawa hayakuonekana. Habari hizi zilichapishwa Mei 2019 katika jarida la Nature Medicine.

Lakini tusitiane chumvi, maana kurasa za afya zina mazoea ya kuahidi miujiza. Bakteria hawakuisha kabisa mwilini mwa msichana yule. Tena, katika hospitali hiyo hiyo alikuwepo mgonjwa wa pili mwenye bakteria wa aina hiyo. Faji zilizomfaa wa kwanza hazikumgusa bakteria wake, na alifariki kabla ya ya kwake kupatikana. Ufunguo wake haukuwa katika shada. Ukiuliza kwa nini inafaa wanafunzi zaidi waendelee kuchota udongo, mgonjwa huyo ndiye jibu.

Mwaka 2022 Hatfull na wenzake walitoa ripoti ya wagonjwa 20 waliotibiwa kwa faji baada ya dawa za kawaida kushindwa, wote wakiwa na bakteria wa ukoo huu. Kumi na mmoja walionyesha nafuu. Waliobaki hawakupata nafuu ya wazi. Kwa upande wa kifua kikuu chenyewe, faji zimemuua bakteria wake katika vyombo vya maabara, lakini bado hakuna faji iliyothibitishwa kutibu kifua kikuu kwa binadamu. Kwa hiyo msomaji, ukikutana na mtu mtaani akikuuzia chupa ya “maji ya faji” ya kifua chako, mwambie akanywe mwenyewe.

Hapa nchini

Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Antibiotiki nazo tunazinunua dukani kama peremende, tunameza mbili tatu, tukiona nafuu tunaziweka kabatini zimngoje jirani. Bakteria wanaobaki hai baada ya dozi iliyokatizwa ndio wanaozaa wale sugu. Haja ya shada la funguo iko hapa hapa nyumbani.

Uwezo je? Si kweli kwamba hatuna pa kuanzia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, imefanya utafiti wa faji za kuua bakteria wa salmonela kwa kuku. Kule Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa kikiwapokea wanafunzi wa sekondari katika maabara zake na kuwapeleka watafiti shuleni wakahojiwe na watoto. Shule zetu nazo zina mazoea ya miaka mingi ya Kongamano la Sayansi, ambako utawakuta vijana wakieleza vitu walivyobuni kwa vipande vya mabati na nyaya.

Lakini kongamano lina kasoro moja. Mwanafunzi huonyesha kazi yake, hupewa cheti, na kazi hufia hapo. Mwaka unaofuata mwingine huanza upya kana kwamba hakuna aliyetangulia. Katika mpango wa faji hakuna kinachopotea: kichupa cha kila mtoto huingia katika friji na jina lake juu yake, na kinaweza kuitwa baada ya miaka minane, kama Muddy ilivyoitwa. Ni chuo kikuu pekee chenye friji ya namna hiyo, wataalamu wa kuitunza na mashine ya kusoma DNA. Shule ina vijiko, udongo na wanafunzi. Gharama ya sehemu ya shule si ya kutisha. Ile kubwa iko chuoni, na vyuo vikuu vyetu kadhaa tayari vina maabara za mikrobiolojia ambazo wakati wa likizo hufungwa kwa kufuli.

Ukiwa mzazi, katika mkutano ujao wa wazazi usiulize tu alama za wastani. Uliza ni majaribio mangapi mtoto wako ameyafanya kwa mikono yake muhula huu, na kama shule imewahi kuandikia chuo kikuu kilicho karibu kuomba mhadhiri mmoja au wanafunzi wawili wa digrii waje Jumamosi. Mwalimu wa baiolojia ndiye wa kuianza barua hiyo, ila mwalimu mkuu anayejua wazazi wako nyuma yake huitia sahihi haraka zaidi.

Tahadhari ni za lazima. Kuchota udongo si hatari, mradi mtoto avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni baadaye. Kukuza bakteria ni jambo jingine, na kamwe kusifanyiwe nyumbani, hata kama kijana ameona jinsi inavyofanywa kwenye simu: kisahani kilichoachwa mezani kinaweza kuotesha viini ambavyo hakuna aliyevipanda. Bakteria wa maradhi, akiwemo wa kifua kikuu, hawaletwi shuleni kwa sababu yoyote ile. Katika maabara hakuna kula wala kunywa, kila kisahani huandikwa jina na tarehe, na vyote vilivyotumika hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo katika nyuzi 121 kabla ya kutupwa.